Mwalimu Aketipo Tena Katika Benchi la Mwanafunzi

Wako watu wengi wadhanio kwamba kengele ya mwisho wa muhula ikiisha kulia, kazi ya mwalimu nayo imekwisha, na kwamba yeye hujiendea zake nyumbani kupumzika hadi siku ya kufungua shule. Ninyi ndugu askari hamna budi kujua zaidi ya hayo. Mnafahamu kwamba bunduki isiyosafishwa hushika kutu, na kwamba hata sajini wa miaka mingi huitwa chuoni akanolewe upya. Mambo ya mwalimu ni hayo hayo, ila yeye hunolewa katika siku zile ambazo wengine huziita za mapumziko.

Nchini Uganda mwaka wa shule una mihula mitatu, na baina yake ziko likizo. Ndimo mafunzo mengi ya walimu yalimotiwa, ili watoto wasikose masomo. Haja yake ilikuwa kubwa. Januari 1997, Serikali ilipoanzisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wanafunzi waliokuwa kiasi cha milioni tatu mwaka uliotangulia walipita milioni tano kwa mwaka mmoja tu. Madarasa mengine yalifanyika chini ya miti. Walimu wengi walikuwa hawajapata cheti, wakasomeshwa wakiwa kazini, kwa vitabu vya kujisomea nyumbani na kwa kukutana na wakufunzi wakati wa likizo. Tena mwaka 2007 ukaja mtaala mpya wa madarasa matatu ya mwanzo, uliotaka mtoto afundishwe kwa lugha ya kwao. Na hata mwalimu mzoefu ikambidi ajifunze upya namna ya kufundisha kusoma.

Katika kituo kimoja cha namna hiyo, upande wa magharibi, tulipata kushinda siku nzima. Hatutaeleza hotuba zilizotolewa, maana hotuba hufanana popote. Tutaeleza mambo madogo madogo tuliyoyaona.

Asubuhi walimu walifika wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli, wengine wawili wawili juu ya bodaboda moja. Mwalimu mmoja mwanamke alikuja na mtoto mchanga, na msichana wa kumlea akaketi naye chini ya mwembe nje ya dirisha, ili mama akisikia kilio atoke kunyonyesha. Madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la pili, nayo magoti ya watu wazima hayakupata mahali pa kukaa. Mwalimu mkuu mmoja, aliyekaribia miaka 60 ya kustaafu, aliketi bega kwa bega na kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kalamu. Kijana alitaka kusimama amwachie nafasi. Mzee akamshika mkono, akamketisha, kisha akamwazima kifutio.

Saa nne walikunywa chai. Ndipo ikaja saa ambayo kwetu sisi ilizidi saa zote za siku ile.

Mkufunzi aliwagawia karatasi moja moja iliyoandikwa kwa lugha ya Karamoja, ambayo hapana mmoja wao aliyeijua, akawaamuru wasome kwa sauti. Kwanza walicheka. Mkufunzi hakucheka, aliwataja mmoja mmoja wasimame, akawauliza maana ya maneno, akawahimiza wafanye haraka. Muda si muda kicheko kilikwisha. Mmoja akaanza kuchungulia karatasi ya jirani yake. Wa pili alijifanya anaandika. Wa tatu aligeuza uso dirishani akitazama mwembe. Yule mwalimu mkuu alisimama akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, akanyamaza kimya, na jasho likamtoka kipajini.

Mkufunzi hakumlaumu mtu. Alichukua chaki akaandika ubaoni yote aliyoyaona: kuchungulia, kujifanya, kutazama nje, kunyamaza. Kisha akawauliza ni adhabu gani wao huwapa watoto watendao mambo hayo. Hapana aliyejibu. Wote walijua kwamba Sheria ya Watoto, iliyorekebishwa mwaka 2016, imekataza viboko shuleni. Lakini pale walitambua jambo ambalo sheria haiwezi kumwambia mtu, yaani yale wayaitayo utundu na ukaidi, mara nyingi ni aibu ya mtoto asiyeelewa.

Mchana walikula posho na maharage, wakasimulia habari za mishahara na mashamba kama kawaida ya wafanyakazi. Alasiri wakatengeneza zana za kufundishia kwa vitu visivyo na gharama: vizibo vya chupa vya kuhesabia, magunia yaliyofumuliwa na kuandikwa herufi kwa rangi, vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa nyuzi za mgomba. Mikono iliyozoea kusahihisha madaftari ilishika sindano kwa taabu. Tuliona mzee yule akifunga vijiti vyake, akavihesabu, akavifungua, akafunga tena, kwa kuwa fungu moja lilikuwa na kijiti kimoja pungufu. Mwalimu aliyekuwa na mtoto mchanga alishona herufi huku mwanawe amelala mgongoni. Jioni kila mmoja alichukua kazi yake akashika njia.

Ndugu wasomaji, huenda mtu akauliza: mambo haya yanamhusu nini askari? Yanamhusu sana. Kiswahili kimekuwa lugha ya amri katika majeshi yetu tangu siku za Keya. Kuruta atokaye Kigezi, au Lango, au huko huko Karamoja, aweza kuipokea amri yake ya kwanza kabla hajaijua lugha aliyoamriwa kwayo. Wengi wenu mnaikumbuka siku hiyo. Mlitazama miguu ya mwenzenu mpate kujua kama ni kushoto au kulia. Mlisimama kimya mkaitwa wajinga. Leo baadhi yenu ni wakufunzi wa makuruta, na wengine ni polisi waendao shuleni kuwafundisha watoto namna ya kuvuka barabara. Basi kabla ya kumkemea anayechungulia, yafaa kukumbuka kwamba huenda hajaelewa, na kwamba kuuliza si ujinga.

Tena ninyi ni wazazi. Watoto wenu wamo katika shule za kambini na za mitaani, na maendeleo yao yanategemea mtu ambaye likizo yake hamwioni. Mkikutana njiani na mwalimu aliyebeba fungu la vijiti na gunia lililoandikwa herufi, mpisheni kwa heshima. Na mtoto wenu akirudi nyumbani na daftari lenye makosa, muulizeni kwanza ni wapi alipokwama, kisha ketini naye.

Elimu ni bahari, walisema wazee. Siku ile tuliona watu waliokwisha kuivuka mara moja wakikubali kurudi ufukweni, wakaingia majini tena pamoja na wanaoanza kuogelea.