Nani anakuuliza hali ya roho yako?

Ndugu msomaji, mpigie simu mwenzetu yeyote aliye ughaibuni umuulize habari zake. Atakujibu "nzuri tu, namshukuru Mungu", hata kama jana alilia ndani ya gari kabla ya kuingia zamu ya usiku. Baada ya hapo mtaongea habari za makaratasi, bei ya tiketi, na yule shemeji aliyekula hela za kiwanja. Maswali ya mwili na ya mfuko tunayo tele. La roho halina mwulizaji.

Wakristo wa Afrika Mashariki waliwahi kuwa na dawa ya jambo hili, tena isiyohitaji jengo kubwa wala nauli. Nazungumzia uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ambao watu wake waliitwa balokole kwa Kiganda, na sisi tukasema walokole. Siku hizi jina hilo anapewa kila anayesali kwa sauti kubwa, lakini wale wa mwanzo walikuwa na desturi yao ya pekee: kuulizana.

Mwaka 1929 mjini Kampala, Mganda Simeon Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Baadaye msaidizi mkuu wa Church kule Gahini, Yosiya Kinuka, naye alikwenda Kampala kumwona Nsibambi. Alipoulizwa mambo ya hospitali, akamwaga malalamiko yake yote. Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia kwamba shida imo moyoni mwake mwenyewe. Neno chungu hilo, hasa kwa mtu aliyesafiri mbali akitafuta wa kumhurumia! Lakini Kinuka aliondoka nalo, akiwa njiani akaamua kuyakabidhi maisha yake kwa Kristo, na akaja kuwa mmoja wa nguzo za uamsho.

Hebu tazama nani alimwongoza nani. Nsibambi hakuwa padre wala mchungaji. Alikuwa muumini wa kawaida aliyejua kusikiliza, na aliyempenda mwenzake kiasi cha kutomdanganya.

Desturi hiyo ilienea hadi Kenya na Bukoba. Walokole walikutana katika vikundi vidogo, mkulima na mwalimu, mke na mume, wakaambiana mambo yaliyotokea tangu walipoachana: nimemchukia fulani, nimechukua cha mwajiri, sijasema na mke wangu siku tatu. Wakaita jambo hilo kutembea nuruni. Aliyeiba alirudisha, mwenye deni akalipa. Aliyetubu aliimbiwa "Tukutendereza Yesu", wimbo wa Kiganda ambao mpaka leo ukiuanzisha mbele ya wazee wa Kigezi au Kagera utaona macho yao yanavyobadilika.

Kwa sisi tulio mbali na kwetu, anayetufaa zaidi ni Askofu Festo Kivengere, mtoto wa uamsho huo. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere pamoja na mkewe wakatoroka kwa miguu kuvuka mpaka kuingia Rwanda. Akawa mkimbizi. Huko uhamishoni aligundua kwamba chuki dhidi ya Amin inamla, na kwamba hata mahubiri yake yanapoa. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ibadani London, maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha yakamkamata. Mwaka huohuo kitabu chake kikatoka kwa jina lililowashtua wengi: I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin. Wapo waliomwona amechanganyikiwa. Mimi naona ni mtu aliyezoea kwa miaka mingi kukaguliwa moyo na wenzake, kwa hiyo uchungu ulipoingia aliutambua. Wangapi kati yetu tumebeba uchungu wa miaka kumi na tano na kuuita uzalendo?

Lakini tusipambe mambo. Kuungama hadharani kulizaa aibu na umbea pia, na wapo waliogeuza nuru kuwa kurunzi ya kumulikia jirani. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, katika mgogoro uliohusu walokole na ukali wao wa kukemea wengine. Na hapa ughaibuni, ambako jumuiya ni ndogo, neno ulilosema Ijumaa laweza kukufikia Jumapili likiwa limeota mkia.

Kwa hiyo mimi sishauri kikundi cha watu thelathini, na cha WhatsApp ndiyo kabisa. Tafuta mtu mmoja. Mkatoliki anaweza kuanza na padre wake wa kitubio; wengine, mzee au mama aliyekomaa katika imani, asiyekudai wala usiyemdai, ambaye hajawahi kukuletea siri ya mwingine. Akikuambia Mungu amemwonyesha nani wa kuoa au kiasi gani cha kutoa, mkimbie. Kama hulali wiki nzima au unawaza kujidhuru, mwone na daktari, maana hata Church alikuwa daktari na mwombaji kwa pamoja.

Mkikubaliana, pangeni siku kama mnavyopanga zamu kazini. Nusu saa kwa simu, mara mbili kwa mwezi, na aanze yeye kuuliza.