Zuia Kuoza kwa Mizizi Katika Bustani za Magunia

Katika ploti za Kondele, ambako nafasi ni finyu, gunia la sukuma wiki kando ya mlango huokoa pesa za mboga. Hata hivyo, msimu wa mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, magunia mengi huharibika kwa sababu ya kuoza kwa mizizi.

Chanzo
Mizizi huhitaji hewa. Maji yakituama, nafasi za hewa udongoni hujaa na mizizi huanza kufa. Vimelea vinavyofanana na kuvu, kama vile Pythium, huogelea katika maji hayo na kuushambulia mmea. Udongo mweusi wa nyanda za Kano hushika maji sana, hivyo haufai kujazwa guniani peke yake.

Dalili
Majani hunyauka na kuwa manjano ilhali udongo umelowa. Hapa ndipo wengi hukosea: hudhani mmea una kiu na kuongeza maji. Ng'oa mche mmoja uangalie. Mizizi yenye afya ni myeupe na imara. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na ganda lake huchubuka kwa urahisi.

Kinga
• Changanya udongo sehemu mbili, mchanga sehemu moja na samadi iliyooza vizuri sehemu moja.
• Weka nguzo ya kokoto katikati ya gunia na utoboe matundu chini.
• Inua gunia juu ya mawe ili maji ya mvua yapite.
• Chovya kidole udongoni kabla ya kumwagilia. Kukiwa na unyevu, subiri.

Tiba
Mizizi iliyooza haiponi. Acha kumwagilia, ng'oa miche iliyoathirika na usiitupe kwenye shimo la mboji. Ikiwa sehemu ya juu ya shina bado ni nzima, kata machipukizi yake na uyapande katika udongo mpya. Usinyunyizie dawa mboga za kuliwa bila ushauri. Muulize afisa wa kilimo wa wadi yako.

Kanuni hizi zinafaa pia kwa maua ya vyungu. Okidi, ambayo porini nyingi huota juu ya miti, huoza haraka zaidi ikipandwa katika udongo wa kawaida. Ipandwe katika vipande vya magome ya miti, na chungu kisikae ndani ya kisahani chenye maji.