Stelingi ya Land Rover 109: pa kubana na pa kulegeza mkono

Land Rover za Series bado zinafanya kazi. Series II ilianza kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwaka 1958, Series III ikakoma 1985, na hadi leo ukienda vijiji vya Karatu au Longido utaikuta 109 imebeba abiria na magunia kwa safari moja. Wengine wanazo za kutunza tu, za kupakwa rangi na kutolewa Jumapili. Wote hao siku moja hukutana na usukani unaopwaya: unauzungusha, gari bado linakwenda njia yake. Ukiuliza watu utaambiwa "nunua orijino". Ushauri huo ni nusu tu. Katika stelingi ya gari hili kuna kifaa ambacho cha zamani kilichofanyiwa matengenezo kinakishinda kipya cha dukani, na kuna kingine ambacho cha zamani hakifai hata ukipewa bure.

Hicho cha pili ni tairodi endi. Zipo sita. Mbili ziko kwenye rodi inayotoka boksi la stelingi hadi relei, mbili kwenye inayotoka relei hadi gurudumu, na mbili kwenye tairodi inayoshikanisha magurudumu ya mbele. Tatu zina nyuzi za kulia, namba RTC5869, na tatu za kushoto, RTC5870. Taja namba zote mbili dukani, la sivyo utafungiwa sita za upande mmoja na utajua hivyo ukiwa umeshalala chini ya gari. Bahati nzuri ni kwamba namba hizo hizo zinaingia kwenye Defender ya zamani, ile iliyotengenezwa hadi Januari 2016. Kwa hiyo huhitaji duka la magari ya kale. Duka lolote lenye spea za Defender hiyo, Kariakoo au Nairobi, linaweza kuwa nazo.

Tatizo ni kuchagua. Kwa bei za Uingereza, tairodi endi ya bei rahisi hupatikana kwa chini ya pauni 10, na ya TRW au Lemförder huwa kati ya pauni 15 na 30. (Hizo mbili zote ni za kundi moja, ZF ya Ujerumani, tangu ZF ilipoinunua TRW mwaka 2015, kwa hiyo usipoteze usingizi kuchagua kati yao.) Yenye nembo ya Land Rover yenyewe hupanda juu ya hapo, na mimi sioni unachoongezewa zaidi ya boksi la karatasi.

Mara tatu ni tofauti inayotisha, lakini fanya hesabu hadi mwisho. Tuseme sita za rahisi ni pauni 42, sita nzuri ni 132, na mzigo kuusafirisha hadi Dar ni 60 kwa vyovyote vile, maana uzito ni uleule. Sasa ni 102 kwa 192, hata mara mbili haifiki. Ushuru na VAT (asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya) vitaongezeka juu ya zote, nzuri ikilipiwa zaidi. Ila ujira wa fundi na alaimenti havibadiliki, na za rahisi zikichakaa mapema utavilipa tena.

Kinachoziua tairodi endi kwetu ni vumbi. Haziongezwi grisi, zimefungwa moja kwa moja kiwandani, na kinachozilinda ni ule mpira mdogo wa kuzuia vumbi. Mpira ukipasuka, mchanga wa barabara ya changarawe unaingia na kusaga kama tupa. Kwa hiyo ukiwa dukani usiangalie mng'ao wa chuma. Bonyeza mpira uone kama ni laini na umekaa vizuri kwenye shingo. Shika pini uizungushe: iwe nzito na inayoteleza bila kukwama. Ikilala yenyewe kwa uzito wake, irudishe kaunta. Tazama pia kama jina la mtengenezaji limechapwa kwenye chuma, maana boksi la jina kubwa lenye chuma kisicho na alama limewahi kuuzwa kwa watu wengi. Na kama zako bado zimekaza ila mipira tu imepasuka, mipira huuzwa peke yake kwa bei ndogo sana. Fundi atakayekwambia ataipasha moto ya zamani na kuigonga kikombe ibane tena, mshukuru uondoke. Pini ikichomoka barabarani, gurudumu haliongozwi na mtu.

Relei ni habari nyingine kabisa. Imezama ndani ya chasisi, mbele, katika bomba lake, na baada ya miaka 40 kutu imevigeuza viwili hivyo kuwa kitu kimoja. Kuing'oa kunaweza kula siku nzima ya nyundo, moto na matusi. Ndani yake kuna springi nzito iliyobanwa kati ya bushi ngumu, na anayeifungua bila kuidhibiti anaweza kuumia vibaya. Ndiyo maana kununua kopi ya bei chee hapa ni ujinga wa hesabu: unalipia kazi kubwa kuliko kifaa, kisha unaombea isipwaye.

Lakini kabla ya kununua chochote, iongeze oili. Nyingi hazijawahi kuongezwa tangu mwenye gari wa kwanza. Fungua boliti mbili zinazotazamana kwenye kifuniko cha juu, moja ya kumiminia na nyingine ya kutolea hewa, utie oili ya EP90 taratibu. Usukani uliokuwa mzito huweza kulainika kwa gharama ya nusu lita. Ikiwa inavuja tu, sili hubadilishwa. Ikiwa shafti imelika, tafuta relei ya gari linalokatwa, mpe fundi anayeifahamu aifanyie matengenezo, uiweke.

Boksi la stelingi nalo usikimbilie kulibadilisha. Jipya hugharimu mamia ya pauni, na uzito wake unaifanya nauli iwe jambo la kukaa chini na kufikiria. Kwanza kuna skurubu ya kurekebishia ubavuni yenye nati ya kufungia. Geuza kidogo magurudumu yakiwa yametazama mbele, kisha zungusha usukani hadi mwisho kila upande. Ukikaza kupita kiasi utagoma katikati na vyuma vitasagana. Ikishindikana, boksi la mtumba lenye beringi mpya ni chaguo langu. Hakikisha tu limetoka kwenye gari la usukani wa kulia. Burundi, Rwanda na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara na magari ya usukani wa kushoto huko ni ya kawaida, na boksi lililovuka mpaka kwa bei ya kutupa huenda limetoka huko. Tairodi endi hazina ubaguzi huo.

Wapo wanaoshauri uweke pawa stelingi. Inawezekana, na ni ghali, na gari halitakuwa lile tena.

Kama umebadilisha zote hizo na mbele bado kunatetemeka ukigonga shimo, tazama kingipini. Juu ina bushi ya Railko, chini ina beringi, na ukazaji wake hupangwa kwa shimu na kupimwa kwa mizani ya ndoano. Fundi asiye na mizani hiyo atakadiria kwa mkono.

Mwisho ni alaimenti, na hapa mwambie mwenye mashine unachotaka kabla hajaanza. Series inahitaji magurudumu ya mbele yaelekeane kwa ndani, milimita 1.2 hadi 2.4. Defender ni kinyume, hufunguka kidogo kwa nje, na kompyuta ikiandikwa "Land Rover" tu inaweza kumpa vipimo vya Defender. Mwandikie namba hizo kwenye karatasi.