Kennedy si Jina la Kiingereza

Mwalimu anayeita majina ya wanafunzi asubuhi katika shule za nchi hii, si ajabu akamkuta Kennedy mmoja au wawili darasani. Akimwuliza kijana huyo asili ya jina lake, aghalabu atajibiwa kuwa ni la Kiingereza, na huenda mwalimu mwenyewe akaafiki. Hapo wote wawili watakuwa wamewadhulumu Waairishi. Kennedy ni jina la watu waliotawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi, na umbo lake la sasa ni kovu la utawala huo.

Asili yake ni Ó Cinnéide, na C ya Kiairishi hutamkwa K. Ó ni mjukuu au mzao, na Mac ni mwana, kama ilivyo "bin" kwa watu wa Pwani au "arap" kwa Wakalenjin. (Ó hiyo haina undugu wowote na O ya Otieno au Odhiambo, ingawa macho yaweza kudanganyika.) Katika neno Cinnéide mna "kichwa", kuhusu sehemu ya pili wataalamu wanavutana. Wapo wasemao ni kichwa chenye chapeo ya vita, na wapo wasemao ni kichwa chenye sura mbaya. Si vigumu kukisia tafsiri ipi inapendwa na wenye jina!

Babu wa jina hili, Cennétig, alikuwa wa ukoo wa Brian Boru, mfalme aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Wazao wake walianzia Clare, wakavuka mto Shannon na kutawala Ormond, eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Tipperary. Baadaye tawi moja lilihamia Wexford, kusini-mashariki. Akina Kennedy wa Ayrshire, Scotland, ni ukoo mwingine kabisa.

Je, Ó ilipotelea wapi? Mwaka 1465 ilipitishwa sheria iliyowataka Waairishi wa majimbo yaliyouzunguka mji wa Dublin waache majina yao, wajiite kwa majina ya miji, ya rangi au ya kazi: Mweusi, Mhunzi, Mpishi. Sheria hiyo haikufua dafu sana. Lililofaulu ni kunyang'anywa ardhi. Katika karne ya 17, majeshi ya Cromwell yalipoishinda nchi na mashamba ya Wakatoliki kutwaliwa, jina lenye Ó likawa mzigo kwa mwenye nalo. Makarani nao waliandika kadiri sikio la Kiingereza lilivyosikia. Mtu akajikuta ameitwa Kennedy, na mwanawe akazaliwa Kennedy. Kuanzia mwaka 1893, kilipoundwa chama cha kufufua lugha ya Kiairishi, familia nyingi zilirudisha Ó zao. Akina Kennedy wengi hawakuirudisha. Michael O'Kennedy, mzaliwa wa Nenagh huko huko Tipperary, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje kati ya 1977 na 1979, ni miongoni mwa wachache walioitumia.

Kisha ikaja njaa. Mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi, chakula kikuu cha mafukara. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi katika muda wa miaka michache. Miongoni mwa wahamiaji alikuwa Patrick Kennedy wa Dunganstown, Wexford, aliyefika Boston mwishoni mwa miaka ya 1840 akawa fundi wa mapipa. Alifariki mwaka 1858 akimwacha mjane, Bridget, na watoto wadogo. Bridget alifungua duka na kuwalea. Wanahistoria humtaja Patrick kwanza. Mimi naona ni duka la mama huyo lililoliokoa jina. Kitukuu chao, John F. Kennedy, aliapishwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 1961, na Juni 1963 alikwenda Dunganstown kunywa chai na jamaa zake waliobaki shambani.

Kwetu jina liliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwendea Kennedy, wakati huo akiwa seneta anayewania urais, kutafuta nauli ya wanafunzi waliokwisha kupata nafasi katika vyuo vya Marekani. Wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Ndege zikaruka, na habari zikaenea vijijini. Rais huyo aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, siku ishirini kabla ya Kenya kujinyakulia Uhuru, na wazazi wengi wakawapa watoto wao wa kiume jina lake. Hivyo jina la ukoo likageuka kuwa jina la mtu binafsi, nalo Otieno na Wafula yakashika nafasi ya ukoo nyuma yake.