Toni na Mbinu katika Mchoro wa Monet wa Macheo ya Le Havre

Mwaka 1872 Claude Monet alichora bandari ya Le Havre, Ufaransa, jua linapochomoza. Mchoro huo, Impression, soleil levant, ulionyeshwa Paris mwezi Aprili 1874. Mhakiki Louis Leroy aliukejeli katika gazeti la Le Charivari, akidai kuwa hata karatasi ya kupambia ukuta ilikuwa imekamilika zaidi. Kutokana na jina la mchoro huo na kejeli hiyo, wachoraji wa kundi lake wakaitwa waimpreshonisti. Makala haya yanashikilia kwamba kile alichokiona Leroy kuwa upungufu wa fani ndicho kinachojenga toni ya kazi hiyo.

Tuanze na upakaji rangi. Anga na bahari vimepakwa rangi nyepesi, kwa mipigo ya burashi inayoonekana wazi. Mng'ao wa jua majini umewekwa kwa mipigo michache, mifupi na mizito. Winchi, milingoti na mabomba ya moshi vimedokezwa tu. Mashua ya mbele ni kivuli cheusi, na zilizo nyuma yake zinazidi kufifia. Umbali unajengwa kwa ukungu, si kwa mistari. Hivyo mtazamaji hupaswa kuikamilisha bandari mwenyewe.

Pili ni rangi. Jua la rangi ya chungwa limezungukwa na buluu na kijivu, lakini kwa kiwango cha mwangaza linakaribia kulingana na anga. Mchoro ukinakiliwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, jua hukaribia kutoweka. Mtaalamu wa neva Margaret Livingstone ameeleza kwamba sehemu ya ubongo inayotambua mahali na mwendo hutegemea tofauti za mwangaza, si za rangi. Ndiyo maana jua hili huonekana kama linatetema.

Wapo wanaousoma mchoro huu kama sifa kwa Ufaransa iliyokuwa ikijijenga upya baada ya vita vya 1870–1871 dhidi ya Prussia, kwani winchi na moshi ni ishara za kazi. Usomaji huo una msingi, ila unazingatia vilivyochorwa na kusahau namna vilivyochorwa. Ishara hizo zimemezwa na ukungu, na watu mashuani hawana nyuso. Toni inayotokea si ya shangwe wala ya majonzi, bali ni ya utulivu wenye wasiwasi ndani yake.

Kwa hiyo, mhakiki anayetenganisha fani na maudhui hawezi kuufasiri mchoro huu kwa ukamilifu, kwani toni yake imo katika mbinu yenyewe.