Kikombe kina jina la shule, kocha hana

Tangu Agosti 1997, rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanaume imekuwa mikononi mwa watu wawili tu, na wote wawili wamepitia kwa mwalimu mmoja wa jiografia. Wa kwanza ni Wilson Kipketer, aliyeivunja rekodi ya Sebastian Coe ya mwaka 1981 akiwa anaiwakilisha Denmark. Wa pili ni David Rudisha. Aliichukua Berlin mwaka 2010, akaipunguza tena Rieti wiki moja baadaye, kisha London, tarehe 9 Agosti 2012, akaongoza mwanzo hadi mwisho na kuishusha hadi dakika 1 na sekunde 40.91. Hadi makala haya yanaandikwa, imesimama pale pale.

Mwalimu mwenyewe ni Bruda Colm O'Connell wa shirika la Patrician, aliyetoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha shule ya upili ya wavulana ya St Patrick's, mjini Iten, kule juu kabisa panapotazama Bonde la Kerio. Alikuja akidhani atakaa miezi mitatu. Riadha hakuijua. Alimkuta pale Mwingereza Peter Foster, nduguye mwanariadha Brendan Foster, akiwanoa vijana, akawa anamsaidia. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia yeye. Mwaka 1986 yalipofanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya chipukizi kule Athens, vijana wa St Patrick's walikuwa uti wa mgongo wa timu ya Kenya, na Mkenya Peter Chumba akabeba dhahabu za mita 5,000 na 10,000. Miaka miwili baadaye Peter Rono, zao la shule hiyo hiyo, akawaacha wengi vinywa wazi Seoul kwa kushinda mita 1,500 za Olimpiki akiwa na miaka 21. Barcelona mwaka 1992 ikawa zamu ya Mathew Birir katika mbio za kuruka viunzi na maji. Kabla yao alikuwepo Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987, na ya Boston, mwaka 1988.

Shule hiyo ina desturi yake ya kuwaenzi watu wake. Mwanafunzi wa zamani akitwaa taji kubwa la dunia, hupandiwa mti katika uwanja wa shule, na jina lake huwekwa hapo. Basi. Mvulana aliyeingia jana na sanduku lake la bati huipita miti hiyo akienda darasani na akienda kula, asubuhi na jioni, kwa muda wote atakaokuwa pale. Husoma majina ya watu waliolala katika mabweni yale yale na kula maharagwe yale yale. Heshima ya aina hii naipenda kuliko kombe lolote la fedha, kwa sababu inamtaja mtu kwa jina lake, tena inabaki pale alipoanzia, mbele ya macho ya wanaokuja nyuma yake.

Hata hivyo, mti ni wa aliyefika kileleni, na wanaofika ni wachache mno. Fikiria msichana aliyeifungia shule yake bao la ushindi katika fainali ya kaunti, kisha akamaliza Kidato cha Nne na kurudi nyumbani kusaidia dukani. Fikiria mvulana aliyekuwa wa tatu katika mita 5,000 za kanda, na leo anaendesha bodaboda. Hao hawatapandiwa mti. Hakuna chama cha wanahabari kitakachowaita hotelini kuwavisha suti. Zile tuzo za Mwanaspoti Bora wa Mwaka, SOYA, alizoanzisha Paul Tergat mwaka 2004, zinazikumbuka pia timu za shule, na ni jambo la kusifiwa. Lakini timu itakayoalikwa ni moja au mbili kati ya maelfu. Kwa wanafunzi walio wengi, tuzo ya shuleni ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho maishani. Ndiyo maana inaudhi kuona jinsi tunavyoitoa ovyo.

Hebu tazama siku ya tuzo katika shule nyingi za upili. Hema limesimamishwa, wazazi wameketi, mgeni wa heshima amechelewa saa mbili. Anaanza kuitwa wa kwanza katika hisabati, kisha kemia, kisha fizikia, kila mmoja na chupa yake ya chai au bahasha yake. Wanafuata walioboresha alama, kisha bweni safi kuliko yote. Jua likishaanza kuinama na nusu ya wazazi wakiwa wamekwenda kuwahi matatu, ndipo mfawidhi anapokumbuka: "Na timu yetu ya voliboli pia isimame tuipigie makofi." Inasimama, inapigiwa, inakaa. Kumi na wawili wamesimama na hakuna aliyetajwa kwa jina. Mwalimu wao amesimama nyuma ya hema, kwa kuwa ndiye pia aliyepewa kazi ya kupanga viti.

Makofi hayo ya mkupuo yanaficha kazi ya mtu mmoja mmoja. Katika voliboli mpangaji mipira ndiye ubongo wa timu, ila anayekumbukwa ni mpiga mkwaju. Golikipa wa akiba hufanya mazoezi mwaka mzima na huenda asicheze hata dakika moja. Shule yenye busara ingemwita huyo naye kwa jina.

Halafu kuna kabati la vikombe, kwa kawaida nje ya ofisi ya mkuu wa shule, kioo chake kimepasuka kwenye kona. Katika shule moja niliyoitembelea, ambayo sitaitaja, nilichuchumaa mbele ya kabati la namna hiyo nikasoma kilichoandikwa kwenye kila kikombe. Mashindano gani, nafasi ya ngapi, mwaka gani. Kimoja kilikuwa kimepoteza mkono mmoja na kinatumika kuhifadhia funguo. Jina la mchezaji hakuna. Jina la kocha hakuna. Nilimuuliza karani nani aliwanoa mabingwa wa mwaka fulani. Akafikiri, akasema alihamishwa.

Alihamishwa. Neno hilo linaeleza mengi kuhusu ukocha wa shuleni. Katika shule zetu nyingi kocha ni mwalimu wa Kiswahili au wa biashara, mwenye vipindi vyake na madaftari yake ya kusahihisha. Saa kumi jioni wenzake wakielekea nyumbani, yeye anaelekea uwanjani na filimbi shingoni. Jumamosi yuko ndani ya basi la shule, anahesabu vichwa. Ndiye anayejua nani hana viatu, nani ametoka kulala njaa, nani mzazi wake anataka aache mpira ashike vitabu. Mshahara anaolipwa ni wa kufundisha darasani. Jioni na wikendi anazitoa mwenyewe. Siku ikifika ya uhamisho, anakwenda na filimbi yake, na kikombe kinabaki na jina la shule.

Wapo wachache ambao majina yao yamejitokeza licha ya hayo. Ukiitaja Kakamega High, ile Green Commandos, mpenzi wa soka ya shule atakutajia Chris Makokha. Ukitaja voliboli ya wasichana ya Kwanthanze, kutoka Machakos, jina la Justin Kigwari linafuata. Kinachowatofautisha na wengine ni kwamba walipata muda. Timu ya shule ina balaa ambalo klabu haina: kila mwaka wachezaji wake bora wanaondoka kwa sheria ya kalenda. Kocha wa shule anajenga, anabomolewa, anajenga tena. Anayeweza kurudi fainali mwaka baada ya mwaka katika hali hiyo amefanya kazi ngumu kuliko anayenunua mshambuliaji.

Na hapo ndipo penye uchafu wenyewe. Heshima ikielekezwa kwenye kikombe peke yake, kikombe kitatafutwa kwa njia yoyote. Wasomaji wa Tanzania wana jina la wachezaji wanaopenyezwa timu isiyo yao: mamluki. Kenya tunao tele. Kijana ameshamaliza shule, anarudishwa Kidato cha Tatu akiwa na ndevu. Mwingine anahamishwa kutoka shule ndogo kijijini Januari, anacheza muhula wa pili, na mitihani yake hakuna anayeiuliza. Mkuu wa shule anapongezwa, picha inapigwa, basi linarudi limepambwa matawi na honi zinalia mji mzima. Shule ile ndogo iliyomlea mtoto tangu mwanzo, na mwalimu wake aliyemfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, wanasikia matokeo redioni. Kama kweli tunataka kutuza shule, swali la kwanza liwe: wangapi kati ya hawa walianza sekondari kwenu?

Wenzetu wa Tanzania wamepanga mambo kwa namna nyingine. Katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari nchini humo, mikoa ndiyo inayoshindana: wachezaji huchujwa kutoka shule mbalimbali, wakaingia kambini pamoja na kuvaa jezi ya mkoa. Faida yake ni kwamba mtoto wa shule isiyojulikana anaonekana bila kulazimika kuhama. Hasara yake ni kuwa sifa inaenda kwa mkoa, na mwalimu aliyemwibua anabaki huko huko alikotoka bila hata barua ya asante. Mpangilio tofauti, anayesahaulika ni yule yule.

Nisieleweke kwamba nataka watoto wavalishwe mataji mapema. Eliud Kipchoge hakuwa nyota wa shule. Alimaliza sekondari kule Nandi bila kishindo chochote uwanjani, akamfuata jirani yake Patrick Sang, mshindi wa fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona, kumwomba programu ya mazoezi. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, akawashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5,000 za dunia kule Paris. Faith Kipyegon naye alikuwa bado mwanafunzi mwaka 2011 aliposhinda mbio za nyika za dunia za chipukizi pale Punta Umbría, Uhispania, akikimbia pekupeku. Mmoja hakuonekana shuleni, mwingine alionekana mapema. Shule haiwezi kutabiri. Kinachowezekana ni kumtuza kila aliyejituma mwaka ule, kwa alichokifanya mwaka ule.

Kutuza kwenyewe kusiwe cheti peke yake. Bruda Colm alipoona wasichana wanaachwa nyuma, alianzisha mwaka 1989 kambi ya mazoezi wakati wa likizo. Hilo lilikuwa tuzo kubwa kuliko medali: mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kuwaangalia wasiumie. Mwanariadha wa shule anayetoka nyumba maskini anahitaji karo ya muhula ujao kuliko anavyohitaji ngao ya mbao. Anahitaji viatu vinavyomtosha. Na akirudi kutoka mashindano ya Afrika Mashariki akiwa amekosa wiki mbili za masomo, anahitaji mwalimu wa hisabati atakayekaa naye alasiri mbili tatu amfidie. Shule inayofanya hivyo imemheshimu, hata kama haikumwita jukwaani.

Serikali ya Kenya imejipa nafasi nzuri ya kurekebisha mambo. Mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza lilipangiwa kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, umeweka sanaa na sayansi ya michezo kuwa mkondo kamili katika shule za sekondari ya juu, sawa na sayansi na masomo ya jamii. Kwenye karatasi, mwenye kipaji cha mbio si mtoro tena wa masomo. Lakini mkondo wa michezo usio na kocha anayetambuliwa, anayelipwa jioni zake na kupandishwa cheo kwa kazi yake ya uwanjani, utaishia kuwa kipindi cha nadharia ubaoni.

Kwa hiyo ombi langu ni kwako, mkuu wa shule, na kwenu wajumbe wa bodi na chama cha wazazi. Safari hii mnapopanga ratiba ya siku ya tuzo, wanamichezo waitwe saa nne asubuhi wazazi wakiwa bado wamejaa, kila mmoja kwa jina lake na kijiji chake. Mnunue ubao mmoja wa mninga, muutundike juu ya lile kabati, muandike orodha ya kila timu iliyoshinda, na mwisho wa kila orodha jina la mwalimu aliyeinoa, hata kama alishahamishwa. Mkikwama kuyapata majina ya zamani, waulizeni wanafunzi wa miaka hiyo; wao hawajamsahau mwalimu wao. Na pesa zinazobaki baada ya hema na chakula cha mgeni wa heshima zilipe karo ya mchezaji mmoja.