Milima ya Taita: Ukija kwa picha pekee, utakosa mengi

KILA wikendi, makundi ya vijana kutoka Nairobi na Mombasa huambiana kwenye WhatsApp, wakachanga nauli kisha wakatoka kwenda kupanda milima. Ngong, Longonot na Kilimambogo wengi washaizoea. Lakini ukiwauliza ni wangapi wamewahi kutembea katika milima ya Taita, wengi watakuambia wameiona tu kupitia dirishani, wakiwa kwenye treni ama basi la kwenda Pwani.

Hiyo ni hasara, kwa sababu huko ndiko utapata mlima, msitu na kijiji cha kale katika safari moja ya siku mbili.

Kufika si kazi. Unashuka Voi, mji ambao joto lake unalijua kabla hujatoka stesheni. Kisha unapanda matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate. Baada ya Mwatate barabara inaanza kujikunja, kona baada ya kona, na masikio yanaziba. Ukishuka Wundanyi utaanza kutafuta sweta uliyoidharau ulipokuwa ukifunga mkoba.

Kilele cha juu zaidi ni Vuria, chenye urefu wa mita 2,208. Kwa aliyepanda Mlima Kenya hiyo haitishi, na utakuta milingoti ya mawasiliano imesimama huko juu. Ila raha ya Vuria ni kile unachokiona ukifika. Chini yako kuna nyanda za Tsavo, kavu na za rangi ya kahawia, zilhali wewe umesimama kwenye kijani kitupu. Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana upande wa magharibi. Chelewa kidogo na ukungu utakufungia pazia.

Jambo la kwanza ambalo mgeni hutambua ni kwamba njia za Taita hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za watu. Wanafunzi huzipita wakienda shule, kina mama huzipita na mizigo ya mboga zinazosubiriwa katika masoko ya Mombasa. Utapita katikati ya mashamba ya ngazi yaliyochongwa ubavuni mwa mlima, yenye mahindi, kabichi na migomba, kisha ghafla uko nyuma ya jikoni la mtu. Ndiyo maana hapa hakuna kupita kimya kama uko mjini. Ukikutana na mzee, msalimie kwanza ndipo uulize njia. Ukipita bila salamu, usishangae ukijibiwa kwa mkato.

Jambo la pili ni misitu. Milima ya Taita ndiyo mwanzo wa safu inayoitwa Tao la Mashariki, ambayo inaendelea Tanzania kupitia Usambara na Uluguru hadi Udzungwa. Kwa upande wa Kenya, safu hiyo iko Taita pekee. Kwa miaka mingi sana misitu yake imekuwa ikipokea unyevu wa upepo wa Bahari Hindi huku nyanda zinazoizunguka zikiwa kavu. Ni kama kisiwa, isipokuwa badala ya maji kimezungukwa na nyika. Viumbe waliofungiwa humo walibadilika polepole hadi wakawa hawapatikani kwingine duniani.

Chukua ndege. Wako watatu wanaobeba jina la Taita. Mmoja ana kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya machungwa. Mwingine ni mdogo wa kijivujivu, na huyo yuko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wa tatu ni wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Kule Mbololo kuna ua dogo la zambarau, ndugu wa maua yale ya vyunguni yanayopendwa Ulaya. Na katika udongo wa Sagalla, mlima unaotazamana na mji wa Voi, anaishi mnyama anayefanana na mnyoo lakini kwa hakika ni wa jamii ya chura.

Sasa tatizo liko hapa. Msitu wa Ngangao, mmoja wa ile mikubwa iliyobaki, ni takriban hekta 120 tu. Karura ya Nairobi ina zaidi ya hekta 1,000. Yaani ungeweza kuipanga misitu minane ya saizi ya Ngangao ndani ya Karura na bado nafasi ikabaki. Mingine ni midogo zaidi, vipande vilivyotawanyika juu ya vilele huku mashamba yakiwa yameziba nafasi ya kati. Sehemu nyingine zilipandwa misonobari na mikaratusi, miti ambayo ukiwa mbali unaiona kama msitu, ila ndege yule wa Taita hapati makao humo.

Wazee wa Taita walikuwa na njia yao ya kulinda. Kulikuwa na vichaka vitakatifu vilivyoitwa fighi, ambavyo viliaminika kukinga kijiji dhidi ya mabaya. Hakuna aliyekata mti humo ovyo. Baadhi ya vichaka hivyo bado vipo, na ukitembea na mwenyeji atakuonyesha mahali ambapo wewe ungeona miti tu.

Kisha kuna mapango ya mafuvu. Hapo ndipo vijana wenzangu tunahitaji kuambiana ukweli. Zamani, mzee alipofariki alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilitolewa na kuwekwa pangoni pamoja na ya wahenga wa ukoo wake. Jamaa walienda hapo kuomba nyakati za shida kama vile ukame. Mila hiyo ilififia kadiri Ukristo ulivyoenea, baada ya mmishonari Wray wa Church Missionary Society kufika Sagalla mnamo 1883. Lakini mafuvu yangali pale, na wajukuu wao wanaishi mita chache kutoka hapo.

Kwa hivyo lile si jumba la sinema za kutisha. Ni makaburi ya watu. Kuinua fuvu ili upate selfi ya TikTok ni sawa na mgeni kuja kwenu kushagoni akacheza densi juu ya kaburi la babu yako. Usiingie bila mwenyeji, usiguse kitu, na ukiambiwa hapa hakuna picha, weka simu mfukoni.

Hili linatuleta kwa suala la mwelekezi. Wengi hujiona wajanja kwa kufuata ramani ya simu ili kukwepa kulipa. Ramani haitakuambia shamba lile ni la nani, wala haitasikia sauti ya ndege. Zaidi ya hayo, sheria ya misitu ya 2016 inaziruhusu jamii kuunda vyama vya kusaidia kutunza misitu kwa ushirikiano na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kijana wa Ngangao akilipwa kwa kukuongoza, msitu uliosimama unamletea unga. Asipolipwa, mti huo una bei ya kuni na mbao, basi.

Ukipanga safari, kwepa masika ya Machi hadi Mei kwa sababu udongo mwekundu wa huko huteleza kama sabuni. Januari na Februari huwa shwari zaidi. Beba koti la mvua hata kama jua linawaka Voi, vaa viatu vyenye meno, na uanze mapema ili giza lisikukute msituni. Thibitisha ada ya kuingia kabla ya kufika. Takataka zako rudi nazo.

Na usibebe chakula chote kutoka Nairobi. Nunua ndizi na parachichi njiani, kisha ulizia kimanga, chakula cha Wataita cha kupondwa chenye maharagwe. Pesa hiyo inabaki kijijini, na mama aliyekuuzia atakukumbuka siku utakayorudi na kundi lako.